Profesa Odhiambo: Msomi wa wadudu aliyetaka Afrika ijilindie mashamba yake

Na Mwandishi Wetu, Rujewa

WAKULIMA wa mpunga wa Rujewa, wilayani Mbarali, wanaujua ugonjwa wa kimyanga kwa macho kabla ya kuujua kwa vitabu. Majani hugeuka manjano, mmea hudumaa, na suke likitoka huwa limejaa mapepe badala ya punje.

Ugonjwa huo unasababishwa na virusi, lakini virusi havina miguu. Hubebwa na mbawakawa wadogo wanaotafuna majani ya mpunga, kutoka mmea mmoja hadi mwingine na kutoka jaruba moja hadi jingine. Wataalamu waliuona kwa mara ya kwanza mwaka 1966, kando ya Ziwa Victoria, karibu na mji wa Kisumu nchini Kenya.

Kimyanga si ugonjwa pekee wa namna hiyo. Batobato ya mihogo hubebwa na inzi weupe, na virusi vinavyonyausha nyanya hubebwa na wadudu wadogo mno waitwao thripi. Kwa hiyo anayepambana na magonjwa ya mazao, mara nyingi hujikuta anapambana na mdudu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, msomi mmoja wa Kiafrika alikuwa amerejea Nairobi kutoka Uingereza akiwa na hoja ambayo wengi waliiona kuwa ndoto. Alishikilia kwamba Afrika haitaweza kulinda chakula chake, mifugo yake wala watu wake bila kwanza kuwajua wadudu wake, na kwamba kazi hiyo ya kuwajua haiwezi kuachwa mikononi mwa wageni peke yao.

Msomi huyo alikuwa Thomas Risley Odhiambo, mwasisi wa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha ICIPE. Alifariki dunia jijini Nairobi Mei 26, 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Zaidi ya miongo miwili tangu azikwe, hoja yake ingali hai, na sehemu ya ushahidi wake inapatikana katika kiumbe kidogo ambacho wakulima wengi hukidhania kuwa adui tu, yaani kuvu, ambayo mitaani huitwa fangasi.

Odhiambo alizaliwa Februari 4, 1931, katika mji wa Mombasa, ingawa asili ya ukoo wake ni Waluo wa Nyanza, magharibi mwa Kenya. Wakati huo eneo kubwa la Afrika lilikuwa limeanza kukumbwa na janga la nzige wekundu, lililodumu kuanzia mwaka 1930 hivi hadi 1944.

Kwa wakazi wa Mbeya janga hilo si hadithi ya mbali. Mojawapo ya mazalia makuu ya nzige hao ni mbuga za Bonde la Rukwa, kaskazini magharibi mwa Jiji la Mbeya. Kutoka katika mazalia ya namna hiyo, makundi ya nzige yalisambaa hadi kusini mwa bara, yakila mahindi, mtama na malisho yaliyokuwa njiani.

Kijana Odhiambo alisoma katika Shule ya Maseno, mojawapo ya shule zilizokuwa na jina kubwa nchini Kenya wakati wa ukoloni, kisha akaendelea na Chuo cha Makerere, Uganda. Baada ya hapo alifanya kazi katika sekta ya kilimo hapa Afrika Mashariki, kabla ya kuvuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge.

Huko Cambridge aliangukia mikononi mwa Sir Vincent Wigglesworth, mwanasayansi anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya fiziolojia ya wadudu. Mwalimu huyo ndiye aliyeonyesha jinsi homoni zinavyotawala ukuaji wa mdudu na kujivua gamba kwake.

Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani. Alitazama tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige dume, akafuatilia namna homoni yake inavyoathiri mwili na uzazi wa mdudu huyo. Mwaka 1965 alipata shahada ya uzamivu.

Kwa mtu wa kawaida, kumpasua nzige na kuchungulia tezi zake kunaweza kuonekana kama mchezo wa wasomi. Kwa Odhiambo huo ndio ulikuwa mlango. Aliamini kwamba mdudu asiyeeleweka anapovamia, jibu pekee linalobaki ni sumu, na sumu huua bila kuchagua. Mdudu anayeeleweka ana udhaifu wake, na udhaifu huo unaweza kutumiwa dhidi yake.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito katika zama zile. Dunia ilikuwa imejaa imani katika viuatilifu vya kemikali kama DDT na dieldrin, vilivyomwagwa kwa ndege na kwa mabomba ya mgongoni. Mwaka 1962 mwandishi wa Marekani, Rachel Carson, alitoa kitabu kilichoamsha hofu juu ya madhara ya kemikali hizo kwa ndege, samaki na binadamu, lakini barani Afrika mjadala huo ulikuwa bado haujapata wasemaji wake.

Aliporejea Kenya, Odhiambo alifundisha katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida mashuhuri la Science la Marekani makala iliyohusu sayansi kwa ajili ya maendeleo ya Afrika Mashariki.

Makala hayo yaliwafikia watu wenye uwezo wa kufungua milango. Mmoja wao alikuwa mkemia Carl Djerassi, anayefahamika kwa mchango wake katika kugundua kidonge cha uzazi wa mpango, ambaye naye alikuwa akipigia debe wazo la kujenga vituo vya ubora wa hali ya juu katika nchi zinazoendelea. Taasisi za kisayansi za nchi mbalimbali ziliunga mkono, na mwaka 1970 ICIPE ikazaliwa, Odhiambo akiwa mkurugenzi wake wa kwanza.

Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chake. Miaka saba baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikasambaratika. Taasisi nyingi za pamoja zilipasuliwa vipande, lakini kituo hicho cha wadudu, kilichoanza katika majengo ya muda eneo la Chiromo jijini Nairobi, kiliendelea kukua.

Baadaye kilihamia makao yake ya kudumu Kasarani, nje kidogo ya katikati ya jiji hilo, mahali palipopewa jina la Duduville. Jina hilo lilitokana na neno la Kiswahili, dudu.

Odhiambo hakutaka kituo kiishie maabara. Huko Mbita, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, ilijengwa kambi ya utafiti katikati ya wakulima wa mahindi na mtama, waliokuwa wakipoteza mavuno kwa sababu ya funza wa mabua. Wanasayansi walilazimika kupanda pale wakulima walipopanda, na kushindwa pale wakulima waliposhindwa.

Katika eneo la Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti walitengeneza mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi kwa ajili ya mbung'o. Chambo chake kilikuwa ni mkojo wa ng'ombe na kemikali ya asetoni. Wafugaji wa Kimasai walifundishwa kuishona na kuitunza mitego hiyo wenyewe, jambo lililokuwa geni kwa wale waliozoea kuona dawa ikiletwa na serikali au wafadhili.

Aidha, mwaka 1983 kituo kilianzisha mpango wa kuwasomesha Waafrika shahada ya uzamivu katika sayansi ya wadudu, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara hili. Mpango huo umetoa mamia ya wataalamu. Miaka mitatu kabla, kituo kilikuwa kimeanzisha jarida lake cha kisayansi, Odhiambo akiwa mhariri, ili matokeo ya utafiti wa nchi za joto yasisubiri huruma ya wahariri wa Ulaya.

Ni katika mazingira hayo kuvu ilipoingia. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1870, mwanasayansi Elie Metchnikoff, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliwakuta mbawakawa wa ngano wa kusini mwa Urusi ya wakati huo wakifa wakiwa wamefunikwa na unga wa kijani. Unga huo ulikuwa spora, yaani vijimbegu vya kuvu inayoitwa Metarhizium. Alipendekeza itumiwe kuua wadudu hao mashambani.

Namna kuvu hiyo inavyofanya kazi inatofautiana kabisa na sumu ya dukani. Mdudu hahitaji kuila. Spora hunata kwenye gamba lake, huota kama mbegu inavyoota kwenye udongo, kisha hutoboa gamba na kuingia mwilini. Ndani humo kuvu huongezeka, hunyonya chakula cha mdudu na kumdhoofisha hadi afe.

Nzige aliyeambukizwa anaweza kuchukua wiki moja hadi tatu kufa, lakini hupunguza kula kabla ya hapo. Kukiwa na unyevu, mzoga wake hufunikwa na spora mpya za kijani. Binadamu, ndege na mifugo hawaguswi na maambukizi hayo.

Zipo kuvu nyingine zinazopambana na magonjwa moja kwa moja. Trichoderma, kwa mfano, huishi udongoni na kuzishambulia kuvu zinazoozesha mizizi na miche, huku ikizinyang'anya nafasi na chakula. Kwa lugha rahisi, ni fangasi anayemla fangasi.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kuvu za kuua wadudu zilishindwa kuvuka kutoka maabara kwenda shambani. Jua kali huua spora, na kwenye hewa kavu haziwezi kuota. Nzige naye hujua kujitibu, kwani akiugua huota jua hadi mwili wake upate joto linaloizuia kuvu isikue.

Msukumo mpya ulitokana na janga. Kati ya mwaka 1986 na 1989 nzige wa jangwani walivamia sehemu kubwa ya Afrika, na mamilioni ya lita za kemikali zikamwagwa. Dieldrin, iliyokuwa silaha kuu ya zamani, ilikuwa imekwishakataliwa kwa sababu hudumu mno katika mazingira.

Mwaka 1989 taasisi kadhaa za kimataifa, ikiwamo ile ya kilimo cha nchi za joto yenye makao yake Ibadan, Nigeria, zilianza mradi wa kutafuta kuvu ya kuua nzige. Aina iliyochaguliwa ilitoka kwenye panzi mmoja wa Niger. Ufumbuzi mkubwa ulikuwa kuchanganya spora na mafuta badala ya maji, kwa kuwa mafuta huzifanya zinate kwenye gamba na kuota hata katika hewa kavu. Dawa iliyopatikana ilipewa jina la Green Muscle.

Mradi huo haukuwa wa Odhiambo, lakini kituo chake kilikuwa katika njia hiyo hiyo. Huko Port Sudan, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wanasayansi wa ICIPE walichunguza harufu ambazo nzige hutumia kuwasiliana. Waligundua kwamba harufu ya nzige wakubwa ikipulizwa kwa tunutu, tunutu hao huchanganyikiwa, hutawanyika na kuwa dhaifu, hivyo hata dozi ndogo ya dawa au ya kuvu huwamaliza.

Wakati huo huo watafiti walikuwa wakikusanya kuvu za Afrika na kuzihifadhi. Mwaka 1990, aina moja ya Metarhizium ilipatikana katika udongo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na kupewa namba ya ICIPE 69. Nyingine, ICIPE 78, ilitolewa mwaka huo huo kwenye fukusi aliyekutwa Ungoye, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya.

Wakati zinaingizwa katika chupa za maabara, hakuna aliyeweza kusema zingefaa nini. Ndiyo maana kazi ya namna hiyo huwachosha wafadhili wanaotaka matokeo ndani ya miaka mitatu. Odhiambo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi watoa fedha kwamba elimu ya msingi si anasa kwa nchi maskini.

Vita hivyo alivipigana pia nje ya kituo. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chuo cha Sayansi cha Dunia ya Tatu kilichoanzishwa mwaka 1983 chini ya Abdus Salam wa Pakistan, na miaka miwili baadaye akawa rais mwasisi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika. Mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika vita dhidi ya njaa, ambayo aligawana na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Mwaka 1993, kituo kiliachilia katika mashamba ya pwani ya Kenya nyigu wadogo kutoka Asia, ambao hutaga mayai ndani ya funza wa mabua na kuwaua. Mwaka uliofuata, baada ya miaka 24 ya uongozi, Odhiambo aliondoka katika kiti cha ukurugenzi. Nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi, aliyepata sifa kwa kutumia nyigu kuokoa mihogo ya Afrika.

Kuondoka kwake kulifunua upande mgumu wa urithi wake. Kituo alichokijenga ili Afrika isimame kwa miguu yake kisayansi, kiliendelea kuishi kwa sehemu kubwa kwa fedha kutoka nje ya Afrika. Wanasayansi walipatikana, maabara zikapatikana, lakini bajeti za serikali za bara hili hazikufuata kwa kasi ile aliyoidai tangu makala yake ya mwaka 1967.

Alifariki kabla ya kuona matunda mengi ya miti aliyoipanda. Mwaka 2009, nzige wekundu walipozaliana kwa wingi nchini Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na shirika la kikanda la kudhibiti nzige hao walitumia ndege kunyunyizia Green Muscle katika mbuga za Iku-Katavi, Bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Mto Malagarasi.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kiuatilifu hicho cha kibiolojia kutumiwa kwa kiwango kikubwa dhidi ya nzige barani Afrika. Maeneo hayo yana hifadhi, mito na ardhi oevu, mahali ambapo kemikali zingedhuru samaki, ndege na viboko. Makundi yalipungua kabla ya kuyafikia mashamba ya Nyanda za Juu Kusini na nchi jirani. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipovamia Afrika Mashariki, Somalia nayo ilitegemea kwa kiasi kikubwa kuvu ya jamii hiyo.

Zile kuvu za mwaka 1990 nazo zilipata kazi. ICIPE 69 iligeuzwa kuwa dawa ya kibiashara nchini Kenya dhidi ya thripi na inzi wa matunda, na ICIPE 78 dhidi ya utitiri wekundu. Watafiti wa kituo hicho wamejaribu pia aina nyingine dhidi ya kantangaze, kiwavi wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014.

Bado kuna vikwazo ambavyo mkulima hapaswi kufichwa. Kuvu huua polepole, na mtu aliyezoea kuona wadudu wakianguka saa chache baada ya kupuliza anaweza kudhani ameuziwa maji. Spora ni viumbe hai. Zikiachwa dukani kwenye joto kali hufa kabla ya kufika shambani. Ni vyema zipulizwe jioni, na hazipaswi kuchanganywa ovyo na dawa za kuua ukungu, kwa kuwa zenyewe ni ukungu.

Kila kiuatilifu kinachoingia nchini, kiwe cha kemikali au cha kibiolojia, kinapaswa kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Usajili huo hutaka majaribio, na majaribio hutaka watafiti walio tayari kulala shambani.

Hapo ndipo hoja ya Odhiambo inapogusa mikoa ya Mbeya na Iringa. Kuvu iliyofaa katika mahindi ya Mbita haina dhamana ya kufaa katika baridi ya viazi vya Rungwe, katika nyanya za Ilula au katika majaruba ya Usangu yanayokaa na maji miezi kadhaa. Lazima ijaribiwe hapo hapo, dhidi ya wadudu na magonjwa ya hapo hapo, na mara nyingine aina inayofaa hulala katika udongo wa shamba lile lile linaloangamia.

Kambi ya Mbita leo inaitwa kwa jina lake. Lakini udongo wa Nyanda za Juu Kusini nao una kuvu zake, nyingi zikiwa hazijachimbwa, hazijatengwa wala kupewa namba. Kuzitafuta hakuhitaji muujiza. Kunahitaji mtu aliyesomeshwa, maabara yenye umeme wa uhakika na bajeti isiyokatwa kila mwaka, mambo yale yale ambayo profesa huyo aliyadai kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipoingia kaburini.